Kumbukumbu ya Grafiksi kwenye Kompyuta ya Zamani: Mwongozo kwa Steshenari, Studio na Ofisi Ndogo za Magomeni

Kompyuta nyingi zinazofanya kazi kwenye steshenari, studio za picha na ofisi ndogo za Magomeni, kuanzia Mapipa hadi Mwembechai, hazikununuliwa mpya. Zilitumika kwanza ofisini Ulaya au nchi za Ghuba, zikaingia bandarini pamoja na mitumba mingine, zikauzwa Kariakoo. Utakuta HP Compaq Pro 6300, Dell OptiPlex 7010 na Lenovo ThinkCentre M92, mashine zilizotoka mwaka 2012 zikiwa na prosesa za Intel Core za kizazi cha tatu. Ni mashine imara, na mwenye nayo anaweza kuitegemea kwa kazi za kila siku. Kinachomletea hasara ni kutoelezwa jambo moja: mashine hizi kwa kawaida hazina kumbukumbu ya grafiksi ya kwao. Grafiksi imo ndani ya prosesa, na kumbukumbu yake inakatwa kutoka kwenye RAM ile ile inayotumiwa na Windows, Excel na Photoshop.

Kwa hiyo muuzaji anaposema "hii ina grafiksi 2GB", huenda hadanganyi, lakini hajakuambia zinatoka wapi. Na fundi anaposema atakuongezea grafiksi bila kufungua keshi wala kuweka kifaa kipya, ana maana atapunguza RAM yako. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba kwenye kompyuta ya aina hii RAM iongezwe kwanza. Mpangilio wa grafiksi uguswe tu pale programu fulani inapoudai kwa jina.

Namba za kusoma kabla ya kubadili chochote

Kwenye Windows 10, bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye skrini, chagua Display settings, shuka hadi Advanced display settings, kisha Display adapter properties. Kwenye Windows 7 unapitia Screen resolution halafu Advanced settings. Dirisha litakalofunguka lina mistari minne kuhusu kumbukumbu, na miwili kati yake ndiyo yenye uzito.

Mstari wa Dedicated Video Memory ni sehemu ya RAM iliyotengwa na BIOS (programu ya msingi ya kompyuta) pale kompyuta inapowashwa. Windows haiioni wala haiwezi kuirudisha hadi uwashe upya na kubadili mpangilio. Kwenye grafiksi ya Intel ya zamani namba hii huwa ndogo: megabaiti 32, 64 au 128. Watu wengi huiona wakashtuka, wakadhani kompyuta yao ina grafiksi ya 64MB na basi.

Mstari wa Shared System Memory ni kitu tofauti. Hicho ni kikomo cha juu ambacho grafiksi inaruhusiwa kukopa kutoka kwenye RAM kazi inapohitaji, na kazi ikiisha RAM inarudi. Mashine ya kizazi cha tatu yenye RAM ya 4GB huonyesha jumla ya takriban 1.7GB kwa grafiksi, ingawa iliyotengwa ni 32MB au 64MB tu. Programu haikomei kwenye 64MB. Inaendelea kukopa, na drayva ya Intel ndiyo inayosimamia mkopo huo bila wewe kufanya lolote. Utaratibu huu Intel inauita DVMT, na ndilo jina utakalokutana nalo kwenye BIOS.

Piga hesabu uone skrini yenyewe inahitaji nini. Skrini ya nukta 1366 kwa 768, kila nukta ikichukua baiti 4, ni kama baiti milioni 4.2. Skrini ya 1920 kwa 1080 ni kama milioni 8.3. Hivyo hata 32MB zinabeba picha nzima ya skrini zaidi ya mara tatu. Ni kweli Windows na kivinjari huhifadhi picha nyingine nyingi nyuma ya pazia, lakini hizo huchukuliwa kwenye fungu la kukopa.

Tatizo linaanza mtu anapopandisha kile kilichotengwa. Chukua kompyuta ya 4GB, utenge 512MB. Windows inabaki na 3.5GB asubuhi hadi jioni, hata siku ambayo kazi yote ni kuandika barua na kutoa fotokopi. Ni kama mwenye fremu ya duka aliyekata theluthi ya fremu kwa ubao akiwekea bidhaa za sikukuu, kisha akawa anabanana na wateja mwaka mzima. RAM ikijaa, Windows huhamishia kazi kwenye diski ya kompyuta, na hapo ndipo mausi inapoganda, mteja anasubiri fomu yake, na watu wanasema kompyuta "imezeeka".

Kipimo kingine rahisi kipo Task Manager, ukurasa wa Performance, sehemu ya Memory. Tafuta maneno Hardware reserved. Hiyo ndiyo RAM ambayo Windows haiigusi. Ikiwa megabaiti chache au mia moja na kitu, hakuna shida. Ikionyesha nusu gigabaiti au zaidi kwenye mashine ya 4GB, kuna aliyeshatenga kwa grafiksi kabla hujainunua. Tahadhari moja: Windows ya biti 32 haiwezi kutumia 4GB zote hata grafiksi isingekuwepo, kwa hiyo hapo tatizo ni Windows yenyewe, na dawa ni kuweka ya biti 64. Kumbuka pia kwamba kwenye grafiksi ya kizazi cha tatu Task Manager haionyeshi ukurasa wa GPU, kwa sababu drayva zake ni za mtindo wa zamani. Usidhani kompyuta ni mbovu.

Kasi inatoka wapi

Kuongeza kumbukumbu hakuongezi nguvu ya kuchora. Prosesa ya Core i5-3470, iliyo ya kawaida sana kwenye mashine hizi, ina grafiksi ya HD 2500 yenye vitengo 6 vya kuchora. Core i7-3770 ya kizazi hicho hicho ina HD 4000 yenye vitengo 16. Kizazi kilichofuata, Core i5-4570, kina HD 4600 yenye vitengo 20. Hakuna mpangilio wa BIOS utakaozifanya 6 kuwa 16. Ukiwa dukani na mashine mbili za bei moja mbele yako, soma namba ya prosesa. Itakuambia mengi zaidi kuhusu grafiksi kuliko kibandiko chochote kilichopo kwenye keshi.

Jambo la pili ni kasi ya RAM kupitisha data, na hapa ndipo kompyuta nyingi za zamani zinapopoteza nguvu bila mwenyewe kujua. RAM ya DDR3 ya kasi ya 1600 hupitisha hadi 12.8GB kwa sekunde ikiwa moja. Zikiwa mbili zinazolingana, zimewekwa kwenye nafasi zinazofanya kazi kwa jozi, hupitisha hadi 25.6GB. Grafiksi isiyo na kumbukumbu yake inategemea njia hiyo hiyo pamoja na prosesa. Ukiwa na RAM moja ya 8GB unaweza kuwa na grafiksi nzito kuliko jirani mwenye mbili za 4GB, ingawa jumla ni sawa.

Watengenezaji wa programu wanalijua hili. Masharti ya AutoCAD 2021, kwa mfano, hayakuishia kwenye ukubwa wa kumbukumbu. Yalitaka grafiksi ya 1GB yenye uwezo wa kupitisha 29GB kwa sekunde. Mashine ya DDR3 yenye RAM moja haifiki hata nusu ya kiwango hicho. Mchora ramani aliyeniuliza kama apandishe grafiksi hadi 1GB kwenye BIOS angekuwa ametimiza nusu rahisi ya sharti na kuiacha nusu ngumu.

Jinsi ya kuona ulichonacho: Task Manager kwenye sehemu ya Memory huandika Slots used, yaani nafasi ngapi zimejaa. Ikisema 1 of 4 au 1 of 2, umepata pa kuanzia. Chomoa waya wa umeme, toa RAM iliyopo, ipige picha, kisha nenda nayo Kariakoo. Mwendokasi kutoka Magomeni Mapipa unapita Jangwani na Fire, na kutoka hapo Msimbazi si mbali. Kwenda na kifaa mkononi kunaepusha makosa, maana DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na RAM ya laptopu haiingii kwenye kompyuta ya mezani. Omba risiti ya EFD, kubaliana na muuzaji muda wa kurudisha, na ukifika nyumbani ipime usiku mmoja kwa Windows Memory Diagnostic: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched.

Kuingia BIOS na kubadili

Kama umeshaongeza RAM na bado programu fulani inakataa kufunguka ikisema kumbukumbu ya grafiksi haitoshi, au kama mtu alishapandisha na wewe unataka kushusha, fuata njia hii.

Zima kompyuta, iwashe, na papo hapo gonga kitufe cha kuingilia BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkCentre, na Delete kwa mazabodi nyingi za kuungwa. Kabla ya kugusa chochote, piga picha za simu za kila ukurasa unaopita. Picha hizo ndizo zitakazokurudisha ulipotoka, na ni msaada mkubwa kwa fundi atakayekuja baadaye.

Mpangilio unaoutafuta hukaa kwenye ukurasa wa Advanced, au ndani ya sehemu yenye neno Graphics, Video, Chipset au System Agent. Kwa Intel jina lake la kawaida ni DVMT Pre-Allocated. Kwa AMD ni UMA Frame Buffer Size. Kwenye baadhi ya mashine za ofisi haupo kabisa, na pia kwenye laptopu nyingi. Kama haupo, hakuna kilichoharibika. Mtengenezaji ameamua kuuficha, na drayva itaendelea kukopa kama kawaida.

Kwa Intel yenye RAM ya 4GB, acha 32MB au 64MB. Ikiwa ni 8GB, 128MB haitakuumiza, na 256MB au zaidi iwe kwa ajili ya programu unayoijua kwa jina. Kwa AMD hali ni tofauti kidogo. Prosesa za mfululizo wa A hutegemea zaidi kile kilichotengwa, kwa hiyo 512MB ni ya busara, na 1GB ikiwa una RAM ya 8GB na unacheza michezo au kuhariri video. Mwenye Pentium 4 iliyobaki na kadi ya AGP atakutana na AGP Aperture Size. Hicho ni kikomo tu, hakitengi RAM, na kinaweza kubaki 64MB au 128MB.

Hifadhi kwa F10, isipokuwa pale skrini inapokuelekeza kitufe kingine. Kompyuta ikiwaka, rudi kwenye dirisha lile la namba uhakikishe zimebadilika, kisha fanya kazi yako ya kawaida ya siku nzima kabla ya kuamua kama imesaidia.

Ikitokea skrini imebaki nyeusi, usiogope. Zima, chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya mviringo ya CR2032 kwenye mazabodi, subiri dakika kadhaa, irudishe. BIOS itarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Betri hiyo hiyo inafaa ikaguliwe hata bila tatizo: kompyuta inayosahau saa na tarehe kila ikichomolewa ina betri iliyokwisha, na kila mpangilio utakaouweka utapotea vilevile umeme ukikatika. Betri mpya ya volti 3 haina gharama kubwa.

Na mtu akikushauri "kusasisha BIOS" ili kupata grafiksi zaidi, kataa. Kubadili mpangilio ni salama. Kusasisha BIOS ni kazi nyingine kabisa, na umeme ukikatika katikati mazabodi inaweza isiwake tena. Kwenye mtaa ambao umeme unaweza kukatika bila taarifa, usifanye hivyo bila UPS na bila sababu nzito.

Kazi kwa kazi

Steshenari inayojaza maombi ya mkopo wa HESLB, usajili wa BRELA na maombi ya Ajira Portal, inayochapa barua na kutoa picha za pasipoti, haihitaji kutenga chochote zaidi. Kinachoilemea ni kivinjari chenye kurasa 20 zilizofunguliwa, na hizo zinakula RAM. Hapo 8GB na SSD zitafanya kazi ambayo mpangilio wa grafiksi hauwezi. (Nikiwa hapo hapo: Microsoft iliacha kuilinda Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za 2012 hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Anayeshika namba za NIDA za wateja alitafutie ufumbuzi hilo kabla ya kuwaza habari za grafiksi.)

Mbunifu wa mabango na kadi za harusi ana swali gumu zaidi. Photoshop za miaka ya karibuni zinataka RAM ya 8GB kwa uchache na grafiksi ya 1.5GB inayokubali DirectX 12. HD 2500 na HD 4000 haziikubali DirectX 12, na kutenga 2GB kwenye BIOS hakuifundishi chipu lugha isiyoijua. Hata pale Photoshop inapokubali kufunguka, baadhi ya vifaa vyake vitazimwa. Kwa kazi ya kawaida ya mtaani, toleo la zamani lenye leseni halali kwenye mashine ya 8GB linatosha. Asiyetosheka nalo anahitaji kadi ya grafiksi au mashine nyingine.

Mhariri wa video za harusi, na kijana anayecheza michezo ya mpira kwenye kompyuta, wao ndio wenye haki ya kuwaza kadi. Lakini kabla ya kadi, wafungue keshi. Joto na vumbi la Dar es Salaam huziba feni na mabati ya kupozea prosesa, na prosesa iliyopata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mchezo unaoanza vizuri na kuzorota baada ya dakika 10 una dalili za joto, si za kumbukumbu. Brashi laini, hewa ya kupuliza na dawa mpya ya kupozea juu ya prosesa ni kazi ya saa moja.

Ukiamua kununua kadi

Soma aina ya kumbukumbu kabla ya ukubwa wake. NVIDIA GeForce GT 1030 ni mfano mzuri, kwa sababu ilitoka mwaka 2017 ikiwa na 2GB za GDDR5 zinazopitisha 48GB kwa sekunde, kisha mwaka 2018 likaja toleo la DDR4, jina lile lile, 2GB zile zile, linalopitisha 16.8GB tu. Kwenye rafu, mnunuzi asiyesoma maandishi madogo ya boksi hatazitofautisha. Kadi ya 4GB yenye DDR3 inaweza pia kushindwa na ya 2GB yenye GDDR5. Muulize muuzaji: "Ni GDDR5 au DDR3?" Asiyejua, omba aiweke kwenye kompyuta uone.

Pima pia nafasi na umeme. Keshi nyembamba za HP Pro 6300 na OptiPlex 7010 zina pawa saplai ya wati 240, na zinapokea kadi za kimo kifupi tu. GT 1030 ya GDDR5 inatumia wati 30 na haihitaji waya wa ziada wa umeme. Kadi yenye tundu la waya wa ziada haiendani na keshi hizo.

Kuna kadi bandia zilizoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Windows inaamini kile kadi inachojitaja, kwa hiyo usitegemee Windows. Programu ya bure ya GPU-Z ya TechPowerUp imekuwa ikizitambua nyingi tangu 2018 na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ibebe kwenye flashi uende nayo dukani.

Ukishaiweka kadi, waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, usiuache kwenye mazabodi. Kosa hili ni la kawaida mno: mtu ananunua kadi, anaendelea kutumia grafiksi ya zamani kwa miezi, na analalamika kwamba kadi haina maana. Kisha rudi BIOS ushushe kile kilichotengwa kwa grafiksi ya ndani, ili RAM hiyo irudi kwa Windows.

Lipo jambo la mwisho ambalo ni la kulipinga waziwazi. Kuna wanaotoza watu fedha "kuongeza grafiksi hadi 2GB" kwa kuingia kwenye rejista ya Windows na kuandika namba kubwa chini ya sehemu ya Intel iitwayo GMM. Namba kwenye dirisha inabadilika, na ndivyo mteja anavyoaminishwa. Kumbukumbu haiongezeki hata baiti moja, kasi haiongezeki, na mchezo uliodanganywa na namba hiyo unaweza kufunguka kisha ukaganda. Usilipie kazi hiyo. Fedha hiyo iweke kwenye RAM ya pili.